Wengi Wape, na Wachache Je?

Mwaka 1997 kilitoka hapa Dubai kitabu cha kumbukumbu za Sheikh Ali Muhsin Barwani, Conflicts and Harmony in Zanzibar. Maisha ya mwandishi wake yanatosha kuwa somo zima la siasa linganishi. Julai 1957, katika uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria la Zanzibar, aligombea Ng'ambo akashindwa na Abeid Amani Karume. Julai 1963 alikuwa miongoni mwa viongozi wa ushirika wa vyama uliopata viti vingi. Desemba ya mwaka huohuo alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa dola huru. Haukutimia mwezi na nusu dola hiyo ikapinduliwa, naye akafungwa Tanzania Bara kwa takriban miaka kumi. Mtu mmoja alishindwa kwa kura, akashinda kwa viti, kisha akapokonywa ushindi kwa silaha.

Wapo wengi katika Ghuba ambao historia ya familia zao imepita katika tarehe hizohizo. Baadhi yao walifika Dubai baada ya Januari 1964, kabla Oman haijawafungulia mlango baada ya 1970. Ndiyo maana mjadala wa demokrasia ukizuka hapa baina ya wazungumzao Kiswahili haukawii kurudi kwenye zama za siasa, jina ambalo Wazanzibari wameipa miaka ya 1957 hadi 1963. Aghalabu mjadala huo huishia kwenye swali la nani alimdhulumu nani. Swali hilo lina haki yake, lakini limefunika jingine ambalo mwanahistoria hana budi kuliuliza: kanuni za kuhesabu kura zenyewe zilifanya kazi gani? Na je, mifumo mingine ya kidemokrasia iliyojaribiwa kwetu na kwingineko humfanyia nini yule aliyekosa?

Waswahili tuna methali mbili zinazogusa jambo hili. Ya kwanza ni "Wengi wape", na wanaoijua yote huongeza: usipowapa, watachukua wenyewe. Ya pili ni "Asiyekubali kushindwa si mshindani", ambayo nimeisikia zaidi vinywani mwa washindi kuliko vya walioshindwa. Ninavyoona mimi, ubora wa mfumo wa kidemokrasia haupimwi kwa jinsi unavyompata mshindi tu. Hupimwa pia kwa mahali unapoziweka kura za aliyeshindwa. Methali ya pili haiwezi kudaiwa kwa mtu ambaye mfumo haukumwachia mahali pa kukaa.

Tuanze na hesabu. Zanzibar ilirithi kutoka Uingereza mfumo wa majimbo: nchi hugawanywa, kila jimbo hutoa mjumbe mmoja, na anayepata kura nyingi kuliko wenzake huchukua kiti hata akiwapita kwa kura moja. Mfumo huu una sifa zisizo ndogo. Mpiga kura anamjua mjumbe wake kwa jina na uso, anajua mlango wa kubisha kisima kikikauka, na mara nyingi serikali hupatikana upesi bila majadiliano marefu ya vyama. Kasoro yake ni kwamba kura zilizomwangukia aliyeshindwa jimboni haziendi popote, na kura za ziada za aliyeshinda kwa kishindo nazo hupotea.

Januari 1961 viti vya kugombewa vilikuwa 22, idadi shufwa. Afro-Shirazi Party ilipata 10, Hizbu (yaani Zanzibar Nationalist Party) 9, na Zanzibar and Pemba People's Party 3. Kiti cha Chake Chake kiliamuliwa kwa kura moja. Wajumbe watatu wa ZPPP waligawanyika, wawili wakaenda kwa Hizbu na mmoja kwa ASP, na baraza likakwama kumi na moja kwa kumi na moja. Dawa iliyotafutwa ilikuwa ya kihesabu: likaongezwa jimbo moja Pemba ili idadi iwe witiri, na uchaguzi ukarudiwa Juni. Safari hii ASP ilipata viti 10, Hizbu 10 na ZPPP 3. Chama kilichopata karibu nusu ya kura zote kikakaa upinzani, na Mohamed Shamte wa ZPPP, chama kidogo kuliko vyote, akawa Waziri Kiongozi kwa nguvu ya ushirika na Hizbu. Katika ghasia za siku za uchaguzi huo watu 68 walikufa.

Julai 1963 viti viliongezwa kufikia 31. ASP ilipata kura 87,085, yaani asilimia 54, na viti 13. Hizbu ilipata kura 47,950 na viti 12; ZPPP kura 25,609 na viti 6. Ukijumlisha, ushirika wa Hizbu na ZPPP ulikuwa na kura 73,559 na viti 18. Kila kiti cha ASP kiligharimu wastani wa kura takriban 6,700. Kila kiti cha ushirika kiligharimu takriban 4,090. ASP ilirundika kura katika majimbo iliyoshinda kwa wingi mkubwa, na ushirika ukashinda majimbo mengi zaidi kwa tofauti ndogo. Uhuru ukaja tarehe 10 Desemba 1963 chini ya serikali iliyokuwa na viti vingi na kura chache. Mapinduzi yakaja tarehe 12 Januari 1964.

Sisemi kwamba mapinduzi yalizaliwa na hesabu. Yalikuwapo masuala ya ardhi, kumbukumbu ya utumwa, ubaguzi wa rangi na kabila, na chuki iliyopandwa na magazeti ya vyama kwa miaka sita. Lakini hesabu ile iliupa kila upande hoja ya kweli. Waliopata viti walisema kweli kwamba sheria ilifuatwa. Waliopata kura nao walisema kweli kwamba wao ndio wengi. Kanuni inayoruhusu kweli mbili za namna hiyo kusimama pamoja huhitaji nchi yenye uvumilivu mwingi wa kuzibeba, na Zanzibar ya 1963 haikuwa nao.

Uingereza yenyewe ilipitia hali kama hiyo mwaka 1951. Chama cha Labour kilipata kura nyingi kuliko Wahafidhina, karibu asilimia 49 dhidi ya 48, lakini Wahafidhina wakapata viti 321 dhidi ya 295 na Winston Churchill akarudi madarakani. Hakuna aliyeshika silaha. Sababu si kwamba Waingereza ni watu wa hulka bora. Wafuasi wa Labour walijua kwamba uchaguzi mwingine utakuja, kwamba hospitali walizoanzisha hazitabomolewa, na kwamba hakuna atakayewaambia hii si nchi yenu. Zanzibar, uchaguzi ulichukuliwa kama hukumu ya mwisho kuhusu nani mwenye nchi. Kanuni ilisafirishwa kutoka London. Mazingira yaliyoifanya ivumilike hayakusafirishwa nayo.

Je, mfumo wa uwiano ungaliiokoa Zanzibar? Katika mfumo huu vyama hupeleka orodha za wagombea na kila chama hupata viti kulingana na sehemu yake ya kura. Afrika Kusini iliutumia mwaka 1994: ANC ilipata asilimia 62.65 ya kura na viti 252 kati ya 400, na hata chama kilichokosa kufikisha nusu asilimia kilipata viti viwili. Katiba ya mpito iliongeza kwamba chama chenye viti 80 kina haki ya kumteua Naibu Rais, na chenye viti 20 kina haki ya kuingia katika Baraza la Mawaziri. Ndivyo F. W. de Klerk alivyokuwa naibu wa Nelson Mandela, na Mangosuthu Buthelezi, ambaye chama chake kilikubali kushiriki siku chache tu kabla ya kura, akawa waziri. Aliyeshindwa alionyeshwa kiti chake kabla ya kushindwa.

Lakini mfumo wa uwiano nao una deni lake. Mbunge wa orodha humtazama aliyeandika orodha, si mpiga kura. Mwanakijiji hana mbunge wa kumwita wake, na anayeukosoa uongozi wa chama chake huweza kushushwa chini ya orodha asionekane tena. Afrika Kusini imeishi na malalamiko haya kwa miaka mingi, hata Mahakama ya Katiba ikaamua mwaka 2020 kwamba wagombea binafsi nao waruhusiwe kugombea ubunge.

Tukirudi kwenye hesabu ya 1963, asilimia 54 ya viti 31 ni viti 17. Mfumo wa uwiano ungaliipa ASP serikali kwa viti 17 dhidi ya 14, na methali ya kwanza ingalitimia. Ila tusijidanganye. Wangalibaki watu 73,559 waliopiga kura upande wa pili, wenye hofu zao, katika visiwa ambavyo siasa yake ilikuwa imeshagawa misikiti, maduka na hata maziko. Hesabu iliyo sahihi ingalibadilisha nani amekosa. Isingalibadilisha maana ya kukosa. Hapa ndipo mjadala wetu wa barazani hukwama kila mara: kila upande unadai hesabu yake ndiyo ya haki, na hakuna anayeuliza upande wa pili ungaliishi vipi.

Kenya imelijibu swali hili kwa njia yake, tena kwa gharama kubwa. Uchaguzi wa Desemba 2007 uliacha zaidi ya watu 1,000 wameuawa na mamia ya maelfu wamekimbia makwao. Katiba ya 2010 ilibakiza rais mtendaji anayechaguliwa na taifa zima, lakini ikamwekea masharti: apate zaidi ya nusu ya kura zote, na angalau asilimia 25 ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti 47. Sharti la pili linamlazimisha mgombea atoke nje ya ngome yake. Muhimu zaidi ni ugatuzi. Kaunti zina magavana na mabunge yake, na Katiba inazihakikishia angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa. Aliyeshindwa Nairobi anaweza kutawala Kisumu au Mombasa, akajenga hospitali, akajulikana kwa kazi yake. Zaidi ya hayo, Mahakama ya Juu ilionyesha tarehe 1 Septemba 2017 kwamba inaweza kufuta ushindi wa rais aliye madarakani.

Hata hivyo urais wenyewe haugawiki. Agosti 2022 William Ruto alipata kura 7,176,141 na Raila Odinga 6,942,930. Tofauti ilikuwa takriban 233,000 katika kura zaidi ya milioni 14, na yule wa pili, aliyeungwa mkono na karibu nusu ya wapiga kura, hakuwa hata na kiti bungeni. Mfumo wa kibunge ungalimpa angalau nafasi ya kiongozi wa upinzani mbele ya serikali, siku kwa siku. Sifa ya mfumo wa rais ni kwamba wananchi wanajua nani wamemchagua na nani wa kulaumiwa. Kasoro yake ni kwamba unaikusanya nchi yote katika kiti kimoja, kisha unashangaa watu wanapokipigania.

Zanzibar nayo, baada ya vyama vingi kurudi, iliingia katika kiti hichohicho. Mwaka 1995 Salmin Amour alitangazwa mshindi dhidi ya Seif Sharif Hamad kwa tofauti isiyofika kura 1,600. Miaka iliyofuata ilikuwa ya kususiana, na Januari 2001 maandamano, hasa Pemba, yaliishia kwa vifo vya makumi ya watu na wengine kukimbilia Shimoni, Kenya. Yalipoonekana haya, maridhiano ya 2009 baina ya Rais Amani Abeid Karume na Seif yalileta jambo geni: kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010, ambapo zaidi ya asilimia 66 walikubali serikali ya umoja wa kitaifa. Rais hutoka katika chama kilichoshinda, Makamu wa Kwanza wa Rais hutoka katika chama cha pili, na wizara hugawanywa. Oktoba ya mwaka huo Ali Mohamed Shein alipata kura 179,809 na Seif 176,338. Tofauti ilikuwa kura 3,471, ndogo mno kwa kumbukumbu za visiwa vile, lakini Seif aliyakubali matokeo hadharani na watu wakalala majumbani mwao.

Angalia kilichobadilika. Mfumo wa kuchagua ulikuwa uleule na wagombea walikuwa wa kambi zilezile; kilichobadilika ni thamani ya nafasi ya pili. Methali ya "Asiyekubali kushindwa si mshindani" iliwezekana kutekelezwa kwa sababu kushindwa kulikuwa kumewekewa kiti.

Kasoro zake nazo zilionekana mapema. Serikali ikiwakusanya wote, anayebaki kuihoji ni nani? Na kiti cha pili kina maana pale tu kura zinapohesabiwa mpaka mwisho. Oktoba 2015 mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar alitangaza kuufuta uchaguzi. Ulirudiwa Machi 2016, chama cha Seif kikasusia, na umoja ukavunjika hadi Desemba 2020, Seif aliporudi kuwa Makamu wa Kwanza miezi miwili kabla ya kifo chake. Burundi inatoa funzo la aina hiyohiyo. Katiba yake ya 2005, iliyotokana na Mkataba wa Arusha wa Agosti 2000, iliweka katika Bunge asilimia 60 kwa Wahutu na 40 kwa Watutsi, ili wachache wasiwe na haja ya kuishi kwa hofu. Mgawo huo ulituliza mengi, lakini mgogoro wa 2015 ulipozuka, chanzo kilikuwa rais aliyetaka muhula wa tatu. Kugawana viti hakuzuii mtu kung'ang'ania kiti kimoja.

Msomaji wa Ghuba pengine ameshaandaa jibu lake: mbona hapa watu wanaishi kwa amani na ustawi bila mabishano haya? Hoja hiyo ina uzito wa bandari na barabara tunazozitumia kila siku, na haifai kupuuzwa. Ila ina historia pungufu. Katika Kiswahili neno baraza lina maana mbili zisizoachana: ni kiti cha mawe au saruji mbele ya nyumba ambapo watu huketi kuzungumza, na ni chombo cha serikali cha kushauriana. Waarabu wa hapa nao hulitumia neno majlisi kwa sebule ya wageni na kwa baraza la dola pia. Sifa ya utamaduni huu ni ukaribu: mwenye haja huingia, huketi, husikilizwa. Baraza la Taifa la Shirikisho la Falme za Kiarabu lina wajumbe 40 tangu 1972. Hadi 2006 wote waliteuliwa, na tangu hapo nusu yao huchaguliwa na raia walioorodheshwa, ambao hawakufika 7,000 mwanzoni na walikaribia 399,000 mwaka 2023. Oman ilianzisha Majlisi ya Shura mwaka 1991, na uchaguzi wa 2003 ukawafungulia kura raia wote wa kuanzia miaka 21. Vyombo hivi hushauri na kuhoji. Haviundi serikali wala haviiondoi.

Na Dubai yenyewe iliwahi kuuliza swali letu. Biashara ya lulu ilipoporomoka, na fedha za mikataba ya mafuta na ndege zilipoanza kumwendea mtawala, wafanyabiashara na baadhi ya jamaa zake walidai sauti. Oktoba 1938 likaundwa baraza la watu 15 chini ya uenyekiti wa Sheikh Saeed bin Maktoum, kwa makubaliano kwamba sehemu saba kati ya nane za mapato zitumike kwa jina la dola. Baraza lilifungua shule na kuanzisha uangalizi wa mji. Halikuwa la watu wote: wapiga mbizi na wanawake hawakuwamo. Tarehe 29 Machi 1939 wafuasi wa mtawala waliingia Deira kwa silaha na baraza likaisha. Pande zote mbili zilikuwa na hoja. Kilichokosekana ni kanuni iliyowaambia wafanye nini watakapotofautiana. Upungufu uliozisumbua Zanzibar na Nairobi ulikuwapo pia ukingoni mwa Khor Dubai.

Sisi wa ughaibuni tunabaki wapi katika hesabu hii? Agosti 2022 Wakenya waliojiandikisha katika Falme za Kiarabu walipiga kura hapahapa, lakini ya urais peke yake. Yaani wameruhusiwa kushiriki katika kinyang'anyiro kile kisichogawika, na wamefungiwa nje ya ngazi ya kaunti ambako aliyeshindwa hupata pa kukaa. Mtanzania wa Dubai hapigi kura kabisa mpaka arudi kwenye kituo alichojiandikisha, na akichukua uraia mwingine akiwa mtu mzima hupoteza wa kwao. Wapo pia wajukuu wa walioondoka 1964, ambao hawahesabiwi popote Zanzibar ila katika simulizi.

Hakuna mfumo uliotajwa hapa ambao hauna kasoro. Wa majimbo humleta mjumbe karibu na kuzitupa kura. Wa uwiano huzihifadhi kura na kumweka mjumbe mbali. Wa rais humdhihirisha mwenye madaraka na kumfuta wa pili. Wa umoja humwokoa wa pili na kuwaziba midomo wakosoaji. Anayebuni katiba anachagua kasoro ambayo nchi yake inaweza kuivumilia. Kwa nchi zilizogawanyika karibu nusu kwa nusu, kama Zanzibar tangu 1961, kasoro isiyovumilika ni ile ya kuiambia nusu nyingine kwamba haina chake mpaka kizazi kijacho.

Kura 87,085 na kura 73,559 za Julai 1963 zilipigwa na watu wa visiwa vimoja, wengi wao majirani, wengine mtu na shemeji yake. Miaka sitini imepita tukibishana ni fungu lipi lililostahili kushinda. Kizazi kinachokuja kingetusaidia kama kingeanza kwa kuyajumlisha: kura 160,644, na kila moja ikihitaji mahali pa kuwekwa.